Mimi Texas, dada yangu Pennsylvania: kwa nini nataka Marekani iachane na wajumbe 538

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye nafasi akae tuzungumze.

Niko Houston, Texas. Uraia niliapa 2019, na kura yangu ya kwanza ya urais niliipiga Oktoba 2020, siku za kupiga kura mapema. Foleni ilizunguka jengo zima, kila mtu na barakoa yake. Nilipotoka nikampigia simu dada yangu, tumbo moja, anayeishi Pennsylvania. Akaniambia kwake hapumui: simu za kampeni asubuhi na jioni, sanduku la barua limejaa makaratasi mpaka halifungi, vijana wanagonga mlango kila Jumamosi, wa chama hiki wakiondoka wanaingia wa chama kile. Kwangu Houston hakugonga mtu hata mmoja. Kiapo tulichoapa ni kimoja, pasi zetu ni za rangi moja, kodi tunalipa wote. Lakini kura yake inabembelezwa, na yangu hakuna anayeihitaji.

Kwa wasioujua mfumo huu, nieleze kidogo. Mmarekani akipiga kura ya urais, kisheria anachagua wajumbe wa jimbo lake, na wajumbe hao ndio wanaomchagua rais mwezi Desemba. Wako 538: 435 kwa hesabu ya Baraza la Wawakilishi, 100 kwa hesabu ya Seneti, na 3 wa mji mkuu Washington, waliopatikana kwa marekebisho ya katiba ya 1961. Ukipata 270 umeshinda. Majimbo 48 na mji mkuu hutoa wajumbe wote kwa aliyeongoza, hata akiwa ameongoza kwa kura moja. Maine na Nebraska pekee ndizo zinazogawa.

Sasa tazameni 2020. Biden alipata kura zaidi ya milioni 5.2 hapa Texas. Hakupata mjumbe hata mmoja. Trump alipata zaidi ya milioni 6 California, kura nyingi kuliko alizopata Texas aliyoshinda, na California haikumpa hata mmoja kati ya wajumbe wake 55. Hao ni watu zaidi ya milioni 11, wa pande zote mbili, ambao kura zao ziliishia mpakani mwa jimbo.

Msimamo wangu ni kwamba rais achaguliwe kwa kura za wananchi nchi nzima, zijumlishwe pamoja, anayeongoza aingie Ikulu. Najua wengi watasema haya ni malalamiko ya Wademokrati. Ni kweli wameumia zaidi: 2000 Gore aliongoza kwa kura zaidi ya laki tano akashindwa kwa Florida, na 2016 Hillary Clinton aliongoza kwa karibu milioni 2.9 akashindwa kwa kura kama elfu 78 za Michigan, Wisconsin na Pennsylvania ukizijumlisha. Ila kumbukeni 2004. Bush alimshinda Kerry kwa kura milioni 3 nchini kote, lakini Ohio alishinda kwa takriban laki moja na elfu 18 tu. Watu elfu 60 wa Ohio wangebadili mawazo, Kerry angekuwa rais, na leo Warepublikani ndio wangekuwa wanaandika nyuzi kama huu.

Naomba kuwasilisha. Nitajibu kadiri nitakavyoweza.

#2

Mkuu umeandika vizuri, ila 2024 Trump kashinda vyote. Wajumbe 312 kwa 226, na kura za wananchi kaongoza pia. Mfumo umetoa jibu lile lile. Tatizo liko wapi?

#3 (Mleta uzi)

#2, kaongoza kweli, asilimia 49.8 kwa 48.3, na sipingi ushindi wake. Lakini kampeni za 2024 mliziona zilipokuwa: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, Arizona, Nevada, North Carolina. Majimbo saba. Mengine 43 yalikuwa watazamaji. Kwangu mimi ubaya hauanzi siku matokeo mawili yanapopishana, upo kila baada ya miaka minne hata yakilingana. Mgombea anayejua Texas ni ya chama kimoja na California ni ya kingine hana sababu ya kumuuliza mtu wa Houston au wa Fresno anataka nini.

#4

Mimi niko Columbus, Ohio, tuna jamaa wengi wa Kongo na Wasomali hapa. Nathibitisha maneno ya mleta uzi kutoka upande wa pili. Nilifika 2008. Wakati ule ilikuwa huwezi kupita mjini wiki mbili bila kusikia mgombea fulani yuko hapa. Tangu 1964 mpaka 2016 Ohio ilikuwa inapiga kura na mshindi kila mara, hawakukosea hata mara moja. Halafu jimbo likaegemea upande mmoja, 2020 Trump akalichukua kwa pointi 8 na Ikulu akaikosa. Sasa tumesahaulika. Viwanda vilivyofungwa bado vimefungwa, barabara ni zile zile. Tulichopungukiwa ni ushindani.

#5

Nawasoma lakini siwaungi mkono. Marekani ni muungano wa MAJIMBO, ndiyo maana hata jina ni hilo. Mkifuta wajumbe, rais atachaguliwa na New York, Los Angeles na Chicago. Mkulima wa Wyoming atasikilizwa na nani? Waasisi walikuwa na akili zao, waliwalinda wadogo.

#6 (Mleta uzi)

#5, nashukuru kwa kupinga kwa hoja. Hiyo ndiyo hoja ninayoisikia mara nyingi zaidi hapa Texas, hata kazini.

Tuanze na miji. Chukua mitano mikubwa kuliko yote kwa sensa ya 2020: New York milioni 8.8, Los Angeles 3.9, Chicago 2.7, Houston 2.3, Phoenix 1.6. Jumla haifiki milioni 20 katika nchi ya watu milioni 331. Hata wakipiga wote upande mmoja, na hawapigi hivyo, ni chini ya asilimia 6.

Wyoming ina watu wasiofika laki sita na wajumbe watatu. Ukigawanya, mjumbe mmoja wa Wyoming anabeba watu kama laki moja na elfu 92. Wa California au wa Texas anabeba zaidi ya laki saba. Ungetegemea basi kwamba wagombea wanapigana vikumbo Wyoming. Hawaendi. Wyoming ni ya Warepublikani, Vermont ni ya Wademokrati, zote mbili ni ndogo na zote mbili hazitembelewi. Anayelindwa na mfumo huu ni jimbo lenye ushindani, liwe kubwa au dogo. Pennsylvania ina watu milioni 13, haihitaji ulinzi wa mtu.

Na kuhusu muungano wa majimbo, Seneti ipo kwa kazi hiyo. Wyoming ina maseneta wawili, California wawili. Mimi binafsi naona hata hilo limezidi, ila ni uzi mwingine. Wakati huohuo Puerto Rico ina raia wa Marekani zaidi ya milioni 3 na haina mjumbe hata mmoja.

#7

Kuhusu akili za waasisi, mimi nafundisha historia, naomba niingie hapa kwa sababu watu wanaipamba sana.

Mwaka 1787 pale Philadelphia, kwenye mkutano wa kuandika katiba, wazo la wananchi kumchagua rais moja kwa moja liliwekwa mezani. James Madison mwenyewe, Mvirginia na mmiliki wa watumwa, alikiri kwamba njia hiyo ndiyo inayofaa zaidi. Halafu akataja kikwazo: haki ya kupiga kura imeenea zaidi Kaskazini kuliko Kusini, na Kusini haitapata nguvu yoyote kutokana na watu wake weusi. Maana yake ni nyepesi. Mtumwa hapigi kura, kwa hiyo kura za moja kwa moja zingeacha Kusini na sauti ndogo.

Mfumo wa wajumbe ulilimaliza tatizo hilo. Idadi yao ilifungwa kwenye idadi ya wabunge, na kwenye hesabu ya wabunge mkutano ulikuwa umeshakubaliana kwamba kila mtumwa ahesabiwe kama tatu ya tano ya mtu. Mtu anafungwa shambani, hana jina kwenye daftari lolote la kura, lakini mwili wake unamwongezea bwana wake nguvu ya kuchagua rais. Matunda yalionekana haraka. Uchaguzi wa 1800 Virginia ilikuwa na wajumbe 21 na Pennsylvania 15, wakati watu huru wa majimbo hayo walikuwa wanakaribiana. Jefferson alimshinda Adams kwa wajumbe 73 kwa 65. Kuanzia 1789 mpaka 1825, miaka 36, ni minne tu ambayo rais hakuwa Mvirginia mwenye watumwa, na minne hiyo ni ya Adams.

Sisemi hiyo ndiyo sababu peke yake. Walihofia pia kwamba mwananchi wa New Hampshire hawezi kumjua mgombea wa Georgia, barua yenyewe inachukua wiki kadhaa. Lakini anayesema mfumo uliwekwa kulinda wadogo, aseme wadogo wepi.

#8 (Mleta uzi)

Mwalimu, ahsante sana. Binti yangu yuko darasa la nane na sijaona kitabu chake kikilieleza hivi. Nitamsomea jioni.

#9

Mimi ni Mkenya. Swali kwa mleta uzi: mbona msichukue kitu kama chetu? Katiba ya 2010 inadai nusu ya kura zote na moja zaidi, na pia angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Kura zinahesabiwa moja moja, na bado huwezi kushinda kwa ngome yako peke yake. Hiyo ingemjibu #5.

#10 (Mleta uzi)

#9, nimeipenda, na kwa sababu hujaileta kama mzaha nimekwenda kuangalia ingefanyaje kazi huku. Mwaka 2020 Biden na Trump wote wawili walipita robo ya kura katika majimbo yote 50. Hata Wyoming Biden alipata zaidi ya asilimia 26, na Vermont Trump alipita 30. Sharti lenu lingewapitisha wote bila jasho. Hilo lenyewe linaonyesha kitu: ramani ya nyekundu na buluu inayorushwa kwenye televisheni inawadanganya watu. Hakuna jimbo la rangi moja.

Ninachokipenda zaidi kwenu ni ile nusu na moja. Hapa rais anaweza kuingia bila nusu, na Bill Clinton mwaka 1992 aliingia na asilimia 43. Ningekubali duru ya pili.

#11

Wote mnazungumzia haki, hakuna anayezungumzia kuhesabu. Mimi nimesimamia kituo cha kupigia kura kwenye jimbo moja la Magharibi kwa chaguzi tatu, najua ninachosema. Marekani HAINA tume moja ya uchaguzi. Kila jimbo na sheria zake, ndani ya jimbo kila kaunti na mashine zake. Jimbo hili linataka kitambulisho chenye picha, lile halitaki. Hili linatuma karatasi nyumbani kwa kila aliyejiandikisha, lile mpaka uwe na miaka 65 au sababu maalumu. Mkijumlisha kura za nchi nzima kwenye kapu moja, jimbo lenye sheria legevu litaongeza uzito wake na jimbo kali litapoteza. Na tofauti ikiwa ndogo, mtarudia kuhesabu nchi nzima? Kura milioni 150 na zaidi? Kila kaunti na mawakili wake?

#12 (Mleta uzi)

#11, hii ndiyo hoja pekee inayoninyima usingizi, na sitajifanya nina jibu kamili.

Kwenye kurudia kuhesabu sikubaliani nawe sana. Mwaka 2000 pengo la nchi nzima lilikuwa zaidi ya laki tano, hakuna ambaye angeomba kurudia. Pengo la Florida lilikuwa kura 537, na kwa ajili ya 537 hizo nchi ilikaa siku 36 ikichungulia matundu ya karatasi mpaka Mahakama ya Juu ikasimamisha zoezi, majaji 5 kwa 4. Mfumo wa wajumbe ndio unaotengeneza mapengo madogo. Biden aliongoza kwa milioni 7 mwaka 2020, lakini ukijumlisha Arizona, Georgia na Wisconsin alizipata kwa kura pungufu ya elfu 43. Zingekwenda upande wa pili ingekuwa 269 kwa 269, na rais angechaguliwa na Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja, Wyoming yenye mbunge mmoja sawa na California. Presha waliyopata viongozi wa Georgia baada ya uchaguzi ule, ya kutakiwa wageuze matokeo, isingekuwepo kama kura za Georgia zingekuwa tone kwenye bahari ya milioni 158.

Lakini kwenye sheria tofauti umenishika. Huwezi kuwa na kura moja ya taifa bila kanuni za chini zinazofanana: nani anaandikishwa, mpaka lini, kwa kitambulisho gani. Kwa hiyo kubadili mfumo kunadai sheria mpya za bunge la taifa, na majimbo yatapigana nazo kufa na kupona, hili langu likiwa la kwanza. Nalikubali hilo. Naona bado inafaa kupigana.

#13

Kuna ule mkataba wa majimbo, mbona hamuutaji? Majimbo yanakubaliana kumpa wajumbe wao aliyeongoza nchi nzima, mkataba ukifikisha 270 unaanza kazi. Maryland walianza 2007. Hadi 2024 walikuwa majimbo 17 na mji mkuu, wajumbe 209. Hakuna haja ya kugusa katiba.

#14 (Mleta uzi)

#13, naufahamu na siuamini. Siku California au Illinois itakapotakiwa kumpa wajumbe wake wote mtu ambaye wananchi wake wamemkataa kwa mamilioni, bunge la jimbo litakaa usiku huohuo kujitoa, na kesi zitafika Mahakama ya Juu kabla ya Krismasi. Isitoshe waliojiunga wote ni majimbo yanayoelemea upande mmoja wa siasa. Makubaliano ya namna hiyo yanavunjika yanapoguswa.

Mimi ni mtu wa marekebisho ya katiba, theluthi mbili za mabunge yote mawili na majimbo 38. Watu wanasema haiwezekani. Iliwahi kukaribia sana, na wengi hawajui.

Mwaka 1968 George Wallace, aliyesimama kutetea ubaguzi wa rangi, alichukua majimbo matano ya Kusini na wajumbe 46. Pande zote zikaogopa: angeweza kumnyima kila mtu 270 halafu akae mezani kuuza wajumbe wake kwa bei anayotaka. Septemba 1969 Baraza la Wawakilishi likapitisha marekebisho ya kufuta wajumbe, kura 338 kwa 70. Tafakarini idadi hiyo, vyama vyote viwili! Rais Nixon akaunga mkono. Seneta Birch Bayh wa Indiana akalibeba Seneti.

Seneti ndiko lilikofia. Maseneta wa Kusini, akina Thurmond, Eastland na Ervin, wakishirikiana na wengine wa majimbo madogo, wakashikilia mjadala usiishe. Septemba 1970 ikapigwa kura ya kufunga mjadala, 54 wakataka ufungwe, 36 wakakataa. Walikuwa wengi, lakini kanuni za wakati ule zilidai theluthi mbili. Walipungukiwa na kura sita. Wakajaribu tena mwisho wa mwezi, ikashindikana. Marekebisho yale yenyewe hayakupigiwa kura Seneti.

Kura sita, wakuu. Nikiwa na watoto wangu na kitabu cha ramani ya uchaguzi mezani, hilo ndilo ninalolirudia.

#15

Sawa, lakini ndani ya majimbo yenyewe hakuna aliyewahi kutumia mfumo kama huo kwa gavana? Kama ni mzuri kiasi hicho kwa nchi, wangeuiga.

#16 (Mleta uzi)

#15, swali zuri mno. Walitumia, na majibu yake yako wazi.

Georgia, katika kura za mchujo za chama cha Democratic, ambazo enzi hizo ndizo zilizokuwa uchaguzi wenyewe, kila kaunti ilikuwa na pointi zake. Kaunti nane kubwa pointi 6 kila moja, 30 za kati pointi 4, na 121 za vijijini pointi 2. Fulton, ndiyo Atlanta, ilikuwa na 6, kwa hiyo kaunti tatu za vijijini ziliifuta. Mwaka 1946, kwenye mchujo wa ugavana, Carmichael alipata kura nyingi kuliko Eugene Talmadge, na Talmadge akachukua ushindi kwa pointi. Weusi waliokuwa wameanza kuandikishwa Atlanta walibanwa palepale. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ikaupiga marufuku, majaji 8 kwa 1, ikisema usawa wa kisiasa una maana moja tu: mtu mmoja, kura moja.

Mississippi nao, katiba yao ya 1890 ilitaka gavana ashinde kura za wananchi na pia wilaya nyingi za uwakilishi. Waliiandika wakijua wanamzuia nani: mtu mweusi. Wananchi wameufuta wenyewe Novemba 2020, siku ileile niliyokuwa nasubiri matokeo ya kura yangu ya kwanza.

Kwa hiyo Mahakama iliikataza Georgia kufanya kwa gavana kile ambacho katiba inalazimisha kwa rais.

#17

Na wewe mleta uzi, kama kura yako haina kazi, 2028 utapiga au utakaa nyumbani?

#18 (Mleta uzi)

Nitapiga, mkuu. Texas majaji wanachaguliwa, kwa hiyo karatasi ya Harris County ni ndefu, inataka dakika kumi na zaidi ukiwa makini. Mbunge, sherifu, majaji, bodi ya shule ya watoto wangu: wote hao mwenye kura nyingi ndiye anayeingia. Rais tu, mstari wa juu kabisa, ndiye anayehesabiwa kivyake.

Na #5, kama bado upo: mwaka 2018, kabla sijawa raia, mtu mmoja aliyeitwa Beto O'Rourke aligombea useneta hapa dhidi ya Ted Cruz. Uchaguzi wa jimbo zima, kila kura na uzito wake. Angeweza kubaki Houston, Dallas, Austin na San Antonio. Alizunguka kaunti zote 254, hadi Loving huko jangwani, ambayo sensa ya 2020 ilikuta watu 64. Alishindwa kwa kura kama laki mbili na elfu 15 kati ya zaidi ya milioni 8. Mwaka huo nyumbani kwangu waligonga mlango mara mbili, wa chama kimoja kisha wa kingine, na mara zote mbili ilibidi niwaambie samahani, bado sijaapa.